Taa ya injini: Usikubali konvata ing'olewe kabla ya uchunguzi

TAA ndogo ya manjano yenye umbo la injini inapowaka kwenye dashibodi na kukataa kuzimika, madereva wengi nchini hufanya mojawapo ya mambo mawili. Kuna wanaoipuuza kwa miezi kadhaa maadamu gari lingali linatembea, na kuna wanaokimbilia gereji iliyo karibu na kumwagiza fundi aizime kwa njia yoyote ile.

Miongoni mwa hitilafu zinazowasha taa hiyo katika magari ya petroli, hasa yale yaliyokwisha kutembea zaidi ya kilomita 100,000, ni ile inayosajiliwa kwa nambari P0420. Mashine ya fundi inapoisoma, hutoa ujumbe kwamba ufanisi wa katalitiki konvata, kile chombo kinachosafisha moshi wa gari, umeshuka chini ya kiwango kinachokubalika.

Mafundi wengi, na wenye magari wengi pia, huufasiri ujumbe huo kama hukumu: konvata imekufa. Kinachofuata ni ama mwenye gari kuambiwa atafute makumi ya maelfu ya shilingi anunue nyingine, ama kushauriwa chombo hicho kipasuliwe, kitolewe matumbo na mkebe mtupu uunganishwe tena kwa kuchomelewa.

Ukweli ni kwamba nambari hiyo ni shaka iliyoingia kompyuta ya gari, na shaka huhitaji uchunguzi kabla ya hukumu kutolewa. Mara nyingi kosa huwa kwingine: katika bomba linalovuja, plagi iliyochoka au injini inayokula oili. Mwenye gari asiyelijua hilo anaweza kununua konvata mpya leo na kuiua kabla ya mwaka kwisha, au akaacha mikononi mwa watu wengine madini ya thamani kubwa aliyokuwa akitembea nayo bila kujua.

Konvata hufanya nini?

Petroli inapochomwa ndani ya silinda, haiungui yote kikamilifu. Moshi unaotoka hubeba gesi tatu za hatari. Ya kwanza ni kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huua kwa kuizuia damu kubeba oksijeni. Ya pili ni mabaki ya petroli isiyoungua. Ya tatu ni oksaidi za naitrojeni, ambazo huwasha mapafu na kuchangia ule ukungu mchafu unaotanda juu ya miji mikubwa.

Konvata ni mkebe wa chuma ulio kwenye bomba la moshi, na katika magari mengi ya siku hizi hukaa karibu kabisa na injini. Ndani yake mna tofali la kauri lenye maelfu ya vitundu vyembamba, mfano wa sega la nyuki. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa kiasi kidogo cha madini adimu: platinamu, paladiamu na rodiamu.

Madini hayo huchochea mabadiliko ya kikemikali bila yenyewe kutumika na kwisha. Moshi unapopita, kaboni monoksaidi hugeuka kuwa kaboni dayoksaidi, mabaki ya petroli hugeuka kuwa maji na kaboni dayoksaidi, nazo oksaidi za naitrojeni hurudi kuwa naitrojeni ya kawaida iliyojaa hewani. Konvata nzima iliyopata joto husafisha zaidi ya asilimia 90 ya gesi hizo. Hata hivyo, haianzi kufanya kazi ipasavyo kabla ya kufikia takriban nyuzi 250 hadi 300 za Selisiasi.

Pamoja na madini hayo matatu mna kiungo cha nne, siriamu, ambacho wengi hawakijui. Kazi yake ni kuweka akiba ya oksijeni pale inapozidi katika moshi, na kuitoa pale inapopungua. Ni kama ghala la nafaka linalojazwa wakati wa mavuno na kufunguliwa wakati wa njaa. Ghala hilo ndilo ufunguo wa kuielewa nambari P0420.

Kompyuta hujuaje?

Gari halina chombo kinachopima sumu iliyo katika moshi. Lina vihisi viwili vya oksijeni, ambavyo mafundi huviita sensa, kimoja kabla ya konvata na kingine baada yake. Kompyuta hulinganisha habari zinazotoka kwa vihisi hivyo viwili na kukisia hali ya konvata iliyo katikati.

Injini inapofanya kazi, kompyuta huongeza na kupunguza petroli kila mara ili kukaribia uwiano wa kilo 14.7 za hewa kwa kilo moja ya petroli. Kwa sababu hiyo, kihisi cha kwanza cha aina ya kawaida hupanda na kushuka bila kutulia, kati ya takriban volti 0.1 na 0.9.

Moshi ukishapita katika konvata nzima, mawimbi hayo huwa yamemezwa na ile akiba ya oksijeni. Kihisi cha pili basi hukaa kimetulia, aghalabu karibu na volti 0.6 au 0.7. Ghala likiharibika, mawimbi hupenya hadi upande wa pili, na kihisi cha pili huanza kucheza ngoma ile ile inayochezwa na cha kwanza. Kompyuta ikiliona jambo hilo, kwa kawaida katika safari mbili tofauti, husajili P0420 na kuwasha taa.

Magari mengi ya Toyota, na mengineyo ya miaka ya karibuni, hutumia mbele ya konvata kihisi cha aina nyingine kinachopima uwiano wa hewa na mafuta. Volti zake hazisomwi kama nilivyoeleza hapo juu. Katika magari hayo kompyuta hubadilisha mchanganyiko kwa makusudi, kisha hupima muda unaopita kabla ya kihisi cha nyuma kuyatambua mabadiliko hayo. Muda ukiwa mfupi mno, maana yake ni kwamba ghala halina akiba. Fundi anayetarajia kuona mawimbi yale yale katika kila gari huishia kutoa uamuzi usiofaa.

Mfumo huu wa kujichunguza ulifanywa kuwa wa lazima kwa magari madogo yote mapya nchini Marekani kuanzia matoleo ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mnamo 2001. Ndiyo maana nambari P0420 ina maana moja katika magari ya watengenezaji mbalimbali. Injini zenye safu mbili za silinda huwa na nambari ya pili, P0430, kwa ajili ya konvata ya upande wa pili.

Kutokana na maelezo hayo, msomaji ataona kwamba kompyuta hupima akiba ya oksijeni, kisha ikakisia kuhusu sumu. Kitu chochote kinachoivuruga oksijeni katika bomba la moshi, au kinachokivuruga kihisi, chaweza kuizalisha nambari hiyo hiyo. Hapo ndipo uchunguzi unapoanzia.

Soma nambari zote

Hatua ya kwanza ni kusoma kila nambari iliyosajiliwa, wala si ile moja tu. Mashine ndogo za kusomea zinapatikana madukani na nyingine huunganishwa na simu, ingawa baadhi ya magari yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani hayasikizani na mashine za bei rahisi. Ikiwa yako haisomi, tafuta gereji yenye mashine inayofaa badala ya kubahatisha.

P0420 ikiandamana na nambari nyingine, hizo nyingine ndizo zishughulikiwe kwanza. Nambari P0300 hadi P0304 katika injini ya silinda nne zinaonyesha kwamba silinda fulani haiwaki sawasawa, kile mafundi wanachokiita kumisi. P0171 inaashiria mchanganyiko wenye hewa nyingi kupita kiasi, na P0172 inaashiria petroli nyingi. P0135 na P0141 huhusu hita za vihisi vyenyewe. Konvata haiwezi kuhukumiwa kwa haki ilhali mashahidi wake ni wagonjwa.

Aidha, kompyuta huhifadhi kumbukumbu ya hali ilivyokuwa wakati hitilafu iliposajiliwa: mwendo wa gari, joto la injini na mzigo uliokuwa ukibebwa. Kumbukumbu hiyo iandikwe kwenye karatasi kabla ya nambari kufutwa, kwani ikifutwa hairudi.

Taa ya injini ikianza kumetameta badala ya kuwaka mfululizo, dereva apunguze mwendo mara moja na kusimama mahali salama. Hiyo ni ishara kwamba petroli isiyoungua inaingia katika konvata na kuungulia humo. Joto la ndani linaweza kupita nyuzi 1,000 na kuiyeyusha kauri. Konvata iliyokuwa nzima asubuhi huweza kuharibika katika safari moja ya namna hiyo.

Tafuta mahali panapovuja

Hatua ya pili haihitaji mashine ya gharama. Bomba la moshi linalovuja karibu na vihisi huvuta hewa ya nje, kwa kuwa moshi hutoka injini kwa mipigo, na baada ya kila mpigo shinikizo ndani ya bomba hushuka kwa muda mfupi sana. Hewa hiyo hujaa oksijeni, na kihisi cha pili huidhania kuwa imepita katika konvata.

Barabara zetu zenye matuta na mashimo hazilihurumii bomba la moshi. Gasketi huungua, boliti hulegea, na sehemu zilizochomelewa hupasuka. Fundi awashe injini ikiwa baridi na kusikiliza mlio wa tik-tik unaofifia injini ikipata joto. Atazame alama nyeusi za masizi kwenye maungio. Vile vile anaweza kupaka maji ya sabuni kwenye maungio wakati bomba halijapata moto, huku mwenzake akiziba kidogo mdomo wa bomba kwa kitambaa kizito. Mapovu yatamwonyesha tundu lilipo.

Kazi hiyo ifanyiwe mahali pa wazi na kamwe isifanyiwe ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu ya kaboni monoksaidi. Gari liegemezwe kwenye nguzo imara, kwani jeki pekee haitoshi kumlinda aliye chini ya gari.

Chunguza afya ya injini

Konvata haina sehemu inayozunguka wala kusuguana, kwa hivyo ni nadra ife bila kuuawa. Muuaji kwa kawaida hutoka ndani ya injini, na fundi anayebadilisha konvata bila kumtafuta muuaji huyo anamwandalia mteja wake gharama ya pili.

Wa kwanza ni silinda isiyowaka, ambayo chanzo chake huwa plagi iliyokwisha, koili mbovu au mafuta machafu. Uchanganyaji wa mafuta taa katika mafuta ya magari umekuwa kero humu nchini kwa miaka mingi, hata mnamo 2018 serikali ikaanzisha ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuiondoa faida ya biashara hiyo. Taa ikiwaka muda mfupi baada ya kujaza tangi katika kituo usichokizoea, mweleze fundi jambo hilo.

Wa pili ni oili. Ringi za pistoni au sili za valvu zikichakaa, oili hupenya na kuungua pamoja na petroli. Oili ya injini ina fosforasi na zinki za kulinda vyuma, na vitu hivyo huganda juu ya madini ya konvata na kuyafunika. Mwenye gari asiyehitaji kuongeza oili kati ya huduma moja na nyingine hana sababu ya kuogopa, lakini anayeongeza lita nzima kila baada ya kilomita elfu moja anaiua konvata yake polepole, hata kama moshi wa samawati hauonekani.

Wa tatu ni maji ya rejeta yenye dawa ya kupoza injini. Gasketi ya kichwa cha injini ikipasuka, maji hayo huingia katika silinda na kuacha utando juu ya konvata. Dalili zake ni kiwango cha maji kupungua bila kuonekana yanakovujia, na moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikiwa imepata joto.

Fundi aangalie pia kiasi ambacho kompyuta inarekebisha petroli. Marekebisho yakizidi asilimia 10 kwenda juu au chini kwa muda mrefu, kuna hitilafu katika mfumo wa hewa au mafuta ambayo yafaa itatuliwe kabla ya kuigusa konvata.

Tazama vihisi vikiwa kazini

Baada ya mambo hayo kusafishwa, ndipo konvata yenyewe inapopimwa. Gari liendeshwe hadi injini ipate joto kamili, kisha lisimamishwe na injini izungushwe kwa kiasi cha mizunguko 2,500 kwa dakika, kwa muda wa dakika mbili au tatu. Wakati huo mashine ionyeshe michoro ya vihisi vyote viwili kwa pamoja.

Mchoro wa kihisi cha nyuma ukitulia kama maji ya mtungi, konvata inafanya kazi na sababu ya taa itafutwe kwingine. Ukipanda na kushuka kwa kasi inayokaribia ile ya kihisi cha mbele, na tayari imethibitika kwamba hakuna mvujo wala hitilafu ya injini, basi ushahidi dhidi ya konvata umekuwa mzito.

Kabla ya hapo, kihisi cha nyuma chenyewe kijaribiwe. Fundi akanyage mafuta kwa ghafla, volti zipande. Kisha aachilie wakati gari likiwa katika mwendo, volti zishuke karibu na sifuri. Kisipoitikia hivyo, ni kibovu.

Hapa kuna kosa linalowagharimu wengi. Mara nyingi mwenye gari huambiwa abadilishe kihisi cha nyuma kama tiba ya P0420. Lakini kihisi kilichochoka na kuwa kizito huonyesha mstari mtulivu, ambao mbele ya kompyuta ni sura ya konvata nzuri. Kihisi cha namna hiyo huficha ugonjwa kuliko kuuzua. Ndiyo sababu wengi hununua kihisi kipya na taa ikarudi baada ya siku chache.

Kuna mafundi wanaopima joto la konvata mbele na nyuma kwa kipimajoto cha miale. Upande wa kutokea ukiwa na joto zaidi, kuna kazi inayofanyika ndani. Kipimo hiki husaidia, lakini kisitumiwe peke yake, kwani injini za kisasa hutoa moshi wenye uchafu mdogo kiasi kwamba tofauti ya joto huwa ndogo hata konvata ikiwa nzima.

Kuziba kwa konvata nako ni ugonjwa tofauti na kupungua kwa ufanisi. Gari lenye konvata iliyoziba hukosa nguvu, hasa mlimani, na huwa kama limeshikwa na breki. Fundi anaweza kufungua kihisi cha mbele na kuweka geji ya shinikizo mahali pake. Injini ikizunguka mara 2,500 kwa dakika, shinikizo linalozidi takriban kilopaskali 20 huashiria kwamba moshi hauna njia. Mkebe ukipigwa kidogo kwa nyundo ya mpira na kutoa sauti ya vigae vinavyogongana, kauri imekwisha kuvunjika na hakuna la kusubiri.

Mwisho, baadhi ya watengenezaji wamewahi kutoa programu mpya za kompyuta kwa matoleo fulani ya magari baada ya kugundua kwamba ya awali iliwasha taa hii kwa wepesi mno. Wakala wa kampuni iliyotengeneza gari lako anaweza kukufahamisha ikiwa lako limo.

Kwa nini mazoea ya kung'oa yalianza

Mtu angeuliza, iwapo konvata ina faida zote hizo, mbona kung'olewa kwake kumekuwa jambo la kawaida katika gereji za Grogan jijini Nairobi na kwingineko nchini? Jibu moja limo katika historia ya petroli.

Mhandisi Mfaransa Eugene Houdry, aliyehamia Marekani, alipata hataza ya konvata ya magari katika miaka ya 1950. Uvumbuzi wake haukuweza kuenea kwa sababu petroli ya wakati huo ilitiwa madini ya risasi, na risasi huyafunika madini ya konvata na kuyafanya yasifae kitu. Konvata zilianza kuwekwa kwa wingi katika magari ya Marekani kuanzia matoleo ya 1975, petroli isiyo na risasi ilipopatikana.

Kenya iliendelea kuuza petroli yenye risasi kwa miongo kadhaa baadaye. Magari yaliyoingizwa kutoka Japani yakiwa na konvata yalijazwa petroli hiyo, na vyombo hivyo vikafa. Kwa fundi wa miaka ya 1990, kuing'oa konvata kulikuwa na mantiki yake.

Mnamo Juni 2001, nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar kuachana na petroli hiyo, na kufikia Januari 2006 Kenya na jirani zake zilikuwa zimetimiza ahadi. Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), lenye makao yake Gigiri, Nairobi, liliongoza kampeni hiyo ulimwenguni hadi Algeria, nchi ya mwisho, ilipokomesha uuzaji wake Julai 2021. Kwa ufupi, sababu ya kung'oa ilikufa mwaka 2006, lakini mazoea yakabaki.

Jibu la pili ni fedha. Madini yaliyo ndani ya konvata yana soko la kimataifa. Bei ya rodiamu ilipita dola 25,000 za Marekani kwa wakia moja mnamo 2021, na ingawa ilishuka sana baadaye, konvata ya asili iliyotoka kiwandani bado ina thamani kwa wanaonunua vyuma vikuukuu. Mwenye gari anayeambiwa kwamba chombo chake ni takataka na kuombwa akiache gerejini afaa ajiulize ni kwa nini takataka hiyo ina wateja.

Hila za kuzima taa

Wapo wanaojitolea kuizima taa kwa hila. Wengine huweka kipande cha chuma ili kukisogeza kihisi cha nyuma mbali na mkondo wa moshi, wengine hubadilisha programu ya kompyuta, na wengine hufuta nambari tu na kumkabidhi mteja gari.

Hila ya mwisho ndiyo rahisi kugundua. Nambari zinapofutwa, kompyuta hufuta pia matokeo ya majaribio yake yote, na jaribio la konvata huonekana kwenye mashine kuwa halijakamilika. Hulazimika kusubiri gari liendeshwe katika hali mbalimbali kabla ya kulirudia. Anayenunua gari la mkononi na kukuta jaribio hilo halijakamilika ilhali taa imezimika, afahamu kwamba huenda kuna mtu aliyefuta kumbukumbu muda mfupi uliopita.

Ama kuhusu mkebe uliotolewa matumbo, hakuna hila inayoweza kuusafisha moshi wake. Sumu yote inayozalishwa na injini humwagika barabarani, mbele ya pua za wanaosubiri matatu kituoni, wachuuzi wa kandokando ya njia na watoto wanaokwenda shule. Bomba likiwa na mvujo chini ya sakafu ya gari, abiria wa gari hilo hilo ndio huwa wa kwanza kuivuta.

Ikithibitika kwamba imekufa

Endapo hatua zote zimefuatwa na konvata imeonekana haifai, hakuna budi kuibadilisha. Kemikali zinazouzwa kwa madai ya kuisafisha haziwezi kurudisha madini yaliyofunikwa na fosforasi wala kauri iliyoyeyuka.

Konvata za bei ya chini mno huwa na madini machache kuliko za asili, na taa huweza kurudi baada ya miezi michache. Iliyotolewa katika gari jingine nayo inaweza kuwa imechoka sawa na yako, kwa kuwa magari yetu mengi huingia nchini yakiwa yametumika kwa miaka kadhaa. Viwango vya Kenya huruhusu hadi minane. Ukinunua ya namna hiyo, taka ufungiwe kwa masharti ya kurejesha, na michoro ya vihisi itazamwe upya baada ya siku kadhaa za safari.

Kabla ya kukubali gharama yoyote, mwenye gari amuulize fundi wake maswali matano. Nambari nyingine zilikuwa zipi? Mivujo ilitafutwa vipi? Injini inakula oili au maji? Michoro ya vihisi vyote viwili inaonyesha nini? Na konvata ya zamani atarudishiwa? Fundi stadi atayajibu bila kukasirika, na pengine atafurahi kumpata mteja anayejua anachouliza.

Asiyeweza kujibu lolote kati ya hayo, zaidi ya kusema kwamba mashine imesema ni konvata, bado hajafanya uchunguzi. Amesoma nambari tu, na kazi hiyo hata simu ya mkononi huiweza.